Bwana Msa katika Darasa la Hesabu

Mwaka juzi kijana mmoja niliyemsomesha, ambaye sasa makazi yake ni ng'ambo, alikuja kunitazama na akaniletea zawadi ya kitabu. Alijua kwamba nilisomesha uwekaji hesabu kwa miaka mingi kabla sijakabidhiwa ukuu wa chuo cha ualimu, na udhaifu wangu kwa riwaya za upelelezi anaujua kila aliyepita mikononi mwangu. Zawadi yenyewe ilikusanya yote mawili, kwani ilikuwa ni riwaya iliyotungwa makusudi ili kusomesha uhasibu. Mtungaji wake ni D. Larry Crumbley, mwalimu wa uhasibu wa Marekani aliyesomesha vyuo vikuu vya Texas na Louisiana, na ambaye, mara nyingi akishirikiana na wenzake, alitoa riwaya kadhaa za namna hiyo. Iko inayohusu ukaguzi wa hesabu, Trap Doors and Trojan Horses. Iko inayohusu kodi, The Ultimate Rip-Off. Na ziko nyengine. Mashujaa wake ni wahasibu, na mwanafunzi anatarajiwa kufuata mauaji na mizania kwa pamoja.

Nilikimaliza kwa siku mbili, barazani kwangu, na nikiri kwamba nilikuwa nikicheka pale ambapo sidhani kama mtungaji alikusudia nicheke. Kila taharuki inapoanza kupanda, mtu mmoja humgeukia mwenziwe akamweleza kanuni. Ni sawa na kumwona mtu anakimbizwa na ng'ombe, kisha anasimama katikati ya njia kumsomesha mpita njia aina za ng'ombe. Hata hivyo sikukidharau. Mtu aliyesimama mbele ya darasa la uwekaji hesabu saa nane ya mchana, jua la Pemba likiwa juu ya bati, atamwelewa profesa huyo. Anatafuta namna ya kuwafanya wanafunzi wasilale. Nami niliitafuta, nikaipata, na kupata kwangu kulimgharimu mtu asiyekuwa na kosa. Ndiyo sababu ya kuandika kurasa hizi.

Sisi hatukuhitaji kwenda Texas kutafuta riwaya. Tulikuwa naye wetu, Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi na mhariri wa gazeti la Mkulima, aliyefariki 1991. Riwaya yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipata ushindi katika shindano la kutunga hadithi la East African Literature Bureau la mwaka 1957-58, na ikatoka kitabu mwaka 1960. Baadaye zikafuata Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, Mwana wa Yungi Hulewa, na mwisho Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Katika zote yumo Bwana Msa na kiko chake, na pembeni yake yumo Najum, rafiki anayeona yote anayoyaona Bwana Msa lakini hajui ameona nini. Wasomi hawakosi kutaja kwamba jozi hii ina ujamaa na Sherlock Holmes na Watson wake. Ni kweli, wala si aibu. Jambo ninalolitaka mimi ni jengine. Muhammed Said Abdulla hakuwa na nia hata kidogo ya kusomesha uhasibu, na bado, kwa maoni yangu, kitabu chake cha kwanza ni utangulizi bora wa somo hilo kuliko riwaya yoyote iliyotungwa kwa ajili yake.

Nitaeleza. Katika Mzimu wa Watu wa Kale tajiri mmoja anakutwa maiti mzimuni. Mahali penyewe panatosha kuwafanya watu waache kuuliza: mzimu umekasirika, umemchukua mtu wake, basi. Bwana Msa hakubali jawabu hilo. Kwake yeye tukio limetokea hapa duniani, na lililotokea duniani limeacha alama duniani. Anaanza mwisho na kurudi nyuma, hatua moja moja, akiuliza kila kitu kilichopo: wewe umefikaje hapa?

Sasa mchukue msomaji wangu aende naye katika duka la rejareja lolote la pwani yetu jioni, wakati wa kuhesabu mauzo. Fedha zikipungua, jawabu la kwanza la wenye maduka wengi ni lipi? Ni chuma ulete. Fulani kaja na noti yake iliyosomewa, kanunua kiberiti, na noti imeondoka na wenziwe. Nimewasikia watu wazima, wenye mizigo ya mamilioni bandarini, wakilisema hilo bila ya kutabasamu. Na sisi Wapemba tusijifanye wageni wa maneno haya. Giningi, mji wa wachawi usioonekana, haukutiwa na masimulizi mbali sana na majumba yetu. Mwanafunzi anayekuja kusoma uwekaji hesabu na chuma ulete moyoni hatajua kwa nini aweke stakabadhi. Ya nini karatasi, ikiwa fedha zinaruka? Kwa hivyo somo la kwanza la uhasibu, kabla ya debiti na krediti, kabla ya leja, ni imani kwamba kila shilingi iliyoondoka ilipita mlangoni. Hilo Bwana Msa analisomesha vizuri mno, kwa sababu hasimami kulihubiri.

Sikuweza kusema hivyo kwa waandishi wetu wengine wa taharuki, ingawa niliwasoma kwa raha. Willy Gamba wa Elvis Musiba, katika Kufa na Kupona ya 1974 na Kikosi cha Kisasi ya 1979, anatoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, anakwenda Kinshasa, analala hoteli kubwa, na hakuna siku niliyomwona akijaza marejesho ya masurufu. Mhasibu wa idara yake alikuwa na moyo wa pekee. Ben Mtobwa alikuwa karibu zaidi na somo letu alipoita riwaya yake ya 1984 Pesa Zako Zinanuka, ile iliyokuja kujulikana baadaye kwa jina la Dar es Salaam Usiku. Lakini huko fedha ni harufu tu, haina vitabu. Nikabaki na Bwana Msa.

Nilikuwa nikiwasomea wanachuo kila Alhamisi usiku. Siku hizo, miaka mingi kabla ya waya wa umeme uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, uliofika kwetu 2010, tulitegemea majenereta, na jenereta likigoma tuliwasha karabai. Karabai na Mzimu wa Watu wa Kale vinafaana. Nilikuwa nikisimama mwisho wa sura na kuuliza: tunajua nini mpaka sasa, na tumekijuaje? Baada ya miezi miwili darasa la uwekaji hesabu lilibadilika. Vijana waliokuwa wakinakili tarakimu kama mtu anayenakili hirizi walianza kuuliza: ankara hii iko wapi? Nani aliyetia saini? Nikaona nimefaulu, na nikaanza kuwasimulia walimu wenzangu juu ya mbinu yangu.

Chuoni tulikuwa na duka la ushirika la wanachuo. Lilikuwa chumba kimoja chenye sabuni, kalamu, madaftari, biskuti na mafuta ya nazi. Mtunza duka alikuwa mwanachuo wa mwaka wa pili, kijana mtulivu kutoka kaskazini ya kisiwa, na mimi nilikuwa mlezi wa duka. Mwishoni mwa mwezi mmoja wa 1986 kitabu cha fedha kilionyesha kwamba kisandukuni ziwemo shilingi 8,150. Tulipozihesabu zilikuwa 5,450. Upungufu ni shilingi 2,700, na kwa mishahara ya siku hizo hazikuwa kidogo.

Hapo nikafanya jambo ambalo wakati ule nililiona kuwa ni ubunifu wa mwalimu hodari. Badala ya kukaa na kitabu, niliipeleka kesi darasani. Niliandika zile tarakimu mbili ubaoni nikasema, "Haya, fanyeni kama Bwana Msa." Sijapata kuona darasa lililoamka namna ile. Walihoji, waliandika, walifuatana bwenini na viwanja vya mpira. Siku ya pili mmoja alileta ushahidi kwamba mtunza duka ana viatu vipya vya ngozi. Mwengine akasema amemwona Chake Chake akimpa dereva wa gari ya abiria kifurushi cha kupelekwa kwao. Mwengine akakumbuka kwamba siku ya kuhesabu fedha alikuwa kimya kuliko kawaida yake. Kila neno katika hayo lilikuwa kweli, na yakipangwa pamoja yalikuwa sura nzuri ya riwaya. Kitabu cha fedha chenyewe kilikuwa juu ya meza yangu siku zote hizo, na hapana hata mmoja aliyekifungua, nami nikiwemo.

Siku ya tatu kijana alikuja ofisini, akaweka funguo mezani. "Maalim, funguo hizi," akasema, akatoka. Hakukanusha kwa sababu hakuna aliyekuwa amemshitaki kwa maneno. Huo ndio ubaya wenyewe.

Baada ya wiki moja alikuja mwanachuo wa mwaka wa kwanza, ambaye Alhamisi zangu alikuwa hazihudhurii kwa sababu hadithi za mauaji zilimtia usingizi. Alikuwa bingwa wa hesabu za kichwa. "Maalim," akasema, "2,700 inagawika kwa tisa." Nilihisi damu inanishuka. Kila aliyesoma uwekaji hesabu anaijua kanuni hii, na mimi ndiye niliyewasomesha: tarakimu mbili zinazofuatana zikipinduliwa katika kuandikwa, 18 ikaandikwa 81, tofauti itakayotokea hugawika kwa tisa bila ya kubaki kitu. Haithibitishi neno, maana yako mengi yanayogawika kwa tisa. Inakuonyesha tu pa kuanza kutazama. Tulikifungua kitabu. Katika siku moja ya katikati ya mwezi mauzo yaliandikwa 6,300. Kishina cha stakabadhi kilisema 3,600. Siku ile mtunza duka alikuwa na homa, amekwenda kituo cha afya, na duka lilikuwa na mtu mwengine. Hati ilikuwa yangu.

Na viatu? Alivinunua kwa ujira wa kuchuma karafuu wakati wa likizo. Angeulizwa angesema.

Nilisimama mbele ya chuo kizima asubuhi iliyofuata, nikasema yote, nikaomba radhi kwa jina lake na kwa sauti. Akapokea mkono wangu. Funguo hakuzichukua tena, na sikuweza kumlazimisha. Alimaliza, akapangiwa skuli, akaenda zake.

Nimeurudia mkasa huu mara nyingi kichwani, na kwa muda mrefu nilijilaumu kwa uvivu tu, kwamba mlezi wa duka angekifungua kitabu. Hilo ni kweli, lakini halitoshi. Darasa zima la watu wasiokuwa wavivu, walioshughulika usiku na mchana, lilipita mbali na kitabu. Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa nimewafunza kwa riwaya ya upelelezi, na riwaya ya upelelezi ina ahadi ambayo msomaji huishika bila ya kuambiwa: mwisho wa kitabu patakuwa na mtu. Msomaji atavumilia kurasa mia mbili za kuzungushwa, lakini ukimwambia katika ukurasa wa mwisho kwamba tajiri aliteleza akaanguka, atakitupa kitabu. Mtungaji hana ruhusa ya kuleta bahati mbaya. Bwana Msa amemfukuza mzimu katika kiti, na mara tu kiti kilipokuwa tupu ikawa lazima akaliwe na mwanaadamu.

Vitabu vya hesabu havina ahadi hiyo. Upungufu unaweza kuwa na mwizi, na mkaguzi asiyeamini kwamba wezi wako hafai kazi. Lakini kabla ya mwizi kuna kalamu: tarakimu iliyopinduliwa, ingizo lililoandikwa mara mbili, malipo yaliyowekwa upande wa mapokezi, ukurasa uliojumlishwa vibaya na jumla yake ikahamishwa. Kati ya mzimu na mtu kuna kitu cha tatu ambacho riwaya haina nafasi nacho, na ndicho kinachojaza siku nyingi za mhasibu.

Tangu hapo nilibadilisha mfano wa kuanzia. Niliwaletea karafuu. Nilikuwa nikiandika ubaoni: shambani zimetoka karafuu mbichi kilo 300, kituoni zimepimwa kilo 100. Kilo 200 kachukua nani? Wanachuo waliotoka mjini walianza kuhesabu washukiwa: wachumaji, wachambuaji, mchukuzi, mpimaji. Waliokulia mashambani walicheka, kwani hata mtoto anayeanua majamvi mvua inapotisha anajua kwamba kilo tatu za mbichi hutoa takriban kilo moja ya kavu. Jua limekula. Na makonyo nayo yameondolewa, yana hesabu yake, yana soko lake katika kile kiwanda cha mafuta cha Wawi. Ingekuwa kituoni zimefika kilo 60, hapo sasa tungekaa tuulize. Mtu hawezi kuuona wizi mpaka ajue kwanza upungufu wa halali ni kiasi gani, na elimu hiyo haipatikani kwa kumtazama mtu viatu.

Sidhani kama kosa langu lilikuwa langu peke yangu. Januari 2008 yalipotangazwa matokeo ya ukaguzi wa akaunti ya madeni ya nje katika Benki Kuu ya Tanzania, ile tuliyozoea kuiita EPA, kwamba zaidi ya shilingi bilioni 133 zililipwa isivyo halali kwa makampuni 22 katika mwaka wa fedha 2005/06, barazani kwetu hapakusomwa kitu chengine. Safari hii walikuwepo watu kweli, na wapo waliofikishwa mahakamani. Lakini nilichokiona ni kwamba magazeti tuliyasoma kama tunavyosoma riwaya. Kila mtu alitaka jina. Nilipojaribu kuuliza, hati za kuthibitisha madeni zilipita kwa nani na kwa nini hazikugonga ukuta, mwenzangu mmoja aliniambia, "Maalim, usituharibie hadithi." Alisema kwa mzaha, nami nilicheka, lakini suali langu halikujibiwa jioni ile wala jioni za baadaye.

Niseme pia neno la kumtetea Muhammed Said Abdulla, nisije nikaonekana nimemgeuka baada ya kula kwake. Aliyepotoka ni mimi niliyekitwaa kitabu cha starehe nikakifanya mwongozo. Na kama yuko mtunzi wetu wa taharuki aliyekuwa na hisia za mhasibu, ni yeye. Tazama tu majina. Siri ya Sifuri! Sitamharibia kisa asiyekisoma, lakini mwalimu wa uwekaji hesabu hawezi kulipita jina hilo bila ya kusimama. Sifuri ndiyo tarakimu tunayoitafuta kila mwisho wa mwezi, tofauti baina ya pande mbili za urari, na ni sifuri hiyo hiyo inayoweza kutudanganya, kwani urari unaweza kukaa sawa na huku makosa mawili yamefichana ndani yake. Kisha, katika riwaya ya mwisho, kosa analipewa nani? Mpelelezi mwenyewe, na juu ya jalada. Kitabu hicho kilikuwa na umri wa miaka miwili tu siku nilipoandika tarakimu zangu ubaoni, na nilikuwa ninacho kabatini.

Yule mtunza duka tulikutana tena, baada ya miaka zaidi ya ishirini, khitimani huko Konde. Amekuwa mwalimu mkuu, ana mvi kuliko mimi. Tulikaa jamvi moja, tukaulizana hali za watoto, na nilipotaka kulianza lile jambo alinitangulia. Akaniambia kwamba anasomesha uwekaji hesabu, na kwamba anawasomea wanafunzi wake Mzimu wa Watu wa Kale. Nilidhani ananikejeli. "La, Maalim," akasema, "ni kitabu kizuri. Ila mimi huwapa kwanza kitabu cha fedha chenye kosa la kalamu, wakae nacho wiki nzima. Wakishalipata, ndipo ninapowapa Bwana Msa." Nikamuuliza kama wanafunzi hawachoki wiki ile ya kwanza. Akasema wanachoka sana.

Mpangilio wake ni bora kuliko wangu, na ni bora, kwa ninavyoona, kuliko wa yule profesa wa Marekani, ambaye anataka riwaya na somo viende pamoja katika ukurasa mmoja, na kila kimoja kikamkanyaga mwenziwe mguu. Wiki ile ya kuchoka haina badala yake. Lakini ningependa kuona riwaya moja ya Kiswahili ambayo taharuki yake yote iwe juu ya upungufu usiokuwa na mwizi: msimu wa karafuu, kituo cha kununulia, mtu anayetazamwa na kijiji kizima, na kitabu kilichofungwa juu ya meza. Nimejaribu mwenyewe tangu nistaafu. Nina kurasa kumi na nne, na mara mbili nimezichana mbili za mwisho, kwa sababu nikifika hapo mkono wangu bado unataka kumkamata mtu.